Nyigu wadogo na vidukari: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ukilima kabichi, sukuma wiki, pilipili hoho, kunde au matango, vidukari unawajua, labda kwa jina la wadudu mafuta. Maswali haya, kuhusu nyigu wadogo wanaowaua vidukari hao, nimeyakusanya kwa wakulima wenzangu wa huku milimani Lushoto na kwa wengine wanaopiga simu kutoka Iringa, Limuru na Naivasha. Majibu mengine ni marefu kwa sababu hapo ndipo watu hupoteza mazao. Mengine ni mafupi kwa sababu hayana mengi.

Nyigu? Si ndio wale wanaouma?

Jina ni moja, mdudu ni mwingine. Yule anayejenga kiota darini na kukuvimbisha jicho hahusiki hapa. Tunayemzungumzia ana urefu wa milimita 2 au 3, mweusi, mwembamba, na akitembea juu ya jani utadhani ni sisimizi aliyeota mbawa. Sindano yake ni ya kutagia mayai ndani ya vidukari, haina shughuli na ngozi yako. Watoto wanaweza kucheza katikati ya matuta bila tatizo lolote.

Anamuuaje kidukari?

Jike humsogelea kidukari, humgusagusa kwa vipapasio, kisha hukunja tumbo lake, hulipitisha chini ya miguu hadi mbele ya kichwa chake mwenyewe, na kumdunga. Tendo lenyewe halimalizi hata sekunde. Yai moja limeshaingia.

Kidukari aliyedungwa hafi siku hiyo. Anaendelea kunyonya majani kama hakuna kilichotokea, huku ndani yake yai likianguliwa na buu akianza kula. Aliyedungwa angali mdogo hazai kabisa. Aliyedungwa akiwa mkubwa huzaa wachache kisha hukoma. Baada ya wiki moja hivi buu hutoboa tundu upande wa tumbo, hulibandika ganda la mwenyeji wake kwenye jani kwa hariri, na kujifunga humo humo. Ganda huvimba, hukauka na kubadilika rangi. Hiyo ndiyo inayoitwa mumia. Siku nne au tano baadaye nyigu mpya hukata kifuniko cha duara, husukuma na kutoka. Kwenye joto la nyuzi 21 safari nzima, yai hadi nyigu, huchukua kama wiki mbili.

Jike mmoja wa Aphidius colemani, mmoja wa nyigu hawa, anaweza kutaga mayai 200 au zaidi, na mengi anayataga siku chache za mwanzo za maisha yake. Inasikika kama idadi kubwa mpaka umtazame adui. Kidukari jike wa nchi zetu za joto hahitaji dume. Huzaa watoto hai, wote majike, na mtoto anapozaliwa tayari ana watoto wake tumboni wanaojitengeneza. Wiki moja au siku kumi anakuwa mama. Kwa hiyo nyigu akianza kazi vidukari wakiwa kumi kwenye jani, atashinda. Akianza wakiwa elfu moja, utaona mumia nyingi na bado kabichi itakufa.

Nitajuaje kama tayari ninao shambani?

Hili ndilo swali ninalotamani kila mtu angeanza nalo, kabla ya kuuliza bei ya chupa ya nyigu wa kununua. Wengi wetu tayari tunao. Nyigu wa kabichi, Diaeretiella rapae, yupo karibu kila mahali duniani kunakolimwa kabichi, na Afrika Mashariki haikusahauliwa.

Chukua jani lenye vidukari na uligeuze. Tafuta kidukari aliyevimba kama puto, mgumu, asiyekimbia ukimgusa kwa ncha ya unyasi. Rangi yake hutegemea aina ya nyigu. Wa jamii ya Aphidius na Diaeretiella huacha mumia za rangi ya majani makavu au ya dhahabu iliyofifia. Wa jamii ya Aphelinus huacha mumia nyeusi. Wa jamii ya Praon ana ufundi wake: buu hutoka chini ya kidukari na kujenga kijihema cheupe, na ganda la kidukari hubaki juu yake kama kofia.

Watu huchanganya mumia na vitu viwili. Cha kwanza ni vile vijiganda vyeupe vyepesi vinavyopeperuka ukipuliza. Hizo ni ngozi ambazo vidukari huvua wanapokua, na zikiwa nyingi maana yake wanakua vizuri sana, si kwamba wanakufa. Cha pili ni vidukari waliouawa na ukungu wakati wa mvua: hao wamesinyaa au wana manyoya meupe, wala hawana ule uviringo wa mumia.

Sasa hesabu. Chagua mimea ishirini ukitembea shambani kwa zigizaga, jani moja kila mmea, uhesabu vidukari hai na mumia. Wakulima wa mtama kwenye nyanda za kati za Marekani wana kanuni ya zamani: mumia zikifika asilimia 20 ya vidukari wote, dawa ya nini tena, kundi liko njiani kuanguka. Sababu ni kwamba mumia unayoiona ni ya aliyedungwa wiki iliyopita, na kwa kila moja kuna wengine wanaoonekana wazima ilhali wana buu tumboni. Mtama si kabichi, na mnunuzi wa kabichi haangalii asilimia, anaangalia jani. Lakini hesabu hiyo inakupa mwelekeo: ikipanda kutoka 5 hadi 15 ndani ya wiki moja, acha bomba ukutani.

Nilinunua nyigu nikawaachia kwenye kabichi. Hakuna kilichotokea. Nimeibiwa?

Pengine hukuibiwa, uliuziwa fundi wa kazi nyingine. Nyigu hawa wanachagua.

Aphidius colemani, ambaye hufugwa kwa wingi sana kati ya nyigu wa vidukari, anawapenda vidukari wadogo: kidukari wa pamba na matango, Aphis gossypii, na kidukari wa kijani wa hoho, Myzus persicae. Vidukari wakubwa wenye miguu mirefu wanaokaa kwenye nyanya, viazi na waridi, kama Macrosiphum euphorbiae, ni kazi ya Aphidius ervi au Aphelinus abdominalis. Kidukari wa kabichi, yule mwenye vumbi la nta, Brevicoryne brassicae, karibu wote humkwepa isipokuwa Diaeretiella. Na wana haki ya kumkwepa. Huyo kidukari hukusanya mwilini kemikali kali za haradali anazozinyonya kwenye kabichi na kuzigeuza silaha. Akipondwa hutoa ukali ule ule unaokupanda puani.

Kwa hiyo kabla ya kununua chochote mjue kidukari wako. Ukishindwa, piga picha ya karibu au mpelekee bwana shamba jani zima kwenye mfuko wa plastiki, si maelezo ya mdomo. "Ni wa kijani" haitoshi, kwa sababu kidukari wa aina moja anaweza kuwa wa kijani, wa njano au wa waridi.

Dawa gani naweza kupiga bila kuwaua?

Niseme kwanza kosa langu mwenyewe. Msimu wangu wa kwanza wa hoho kwenye kitalu nyumba nilipata funza wa matunda, nikapiga lambda-cyhalothrin. Funza walikufa. Vidukari nilikuwa nao wachache tu wakati ule, wengine wamejificha chini ya majani ya ndani ambako dawa haikufika. Wiki tatu baadaye majani yote yalikuwa yanang'aa kwa mafuta yao na masizi yameanza kuota juu. Sikuelewa mpaka nilipofungua jani kavu la zamani na kukuta mumia kadhaa ambazo hazikutoboka. Jeshi langu nililipiga mwenyewe.

Dawa za kundi la pairethroidi, kama lambda-cyhalothrin, cypermethrin na deltamethrin, ndizo mbaya zaidi kwa sababu mabaki yake kwenye jani huendelea kuua nyigu kwa wiki nyingi, hata miezi miwili au zaidi. Za kundi la oganofosfati, kama dimethoate na chlorpyrifos, haziwaachi pia. Imidacloprid na ndugu zake huingia ndani ya mmea, na watu hudhani hiyo ni salama kwa kuwa haiko juu ya jani. Nyigu mkubwa hula nini? Hula umande mtamu wa maua na ule utomvu mtamu wanaoutoa wadudu wanaofyonza mmea. Watafiti wameikuta sumu hiyo kwenye utomvu wa wadudu wa unga waliofyonza mimea iliyotibiwa, na nyigu wengi waliounywa wakafa.

Zinazovumilika ni zile zisizoacha mabaki au zinazomlenga mdudu anayenyonya: sabuni, mafuta mepesi ya bustani, na kwa wenye uwezo, dawa zenye flonicamid au pymetrozine pale zilipoidhinishwa. Dawa za ukungu-rafiki kama Beauveria ziko katikati, nyigu mkubwa anaweza kuambukizwa pia. Mwarobaini ni bora kuliko pairethroidi mara nyingi mno, lakini usiupige kila siku tatu kama uji wa asubuhi. Na kwa funza, tumia dawa ya bakteria ya Bt, ambayo haimgusi nyigu.

Kuna kinga moja ya bure: nyigu aliye ndani ya mumia amejifunika. Ukilazimika kupiga kitu kisichoacha mabaki, wa ndani ya mumia wengi watapona. Ndiyo maana napiga sabuni ninapoona mumia nyingi ambazo hazijatoboka na nyigu wanaoruka ni wachache.

Sabuni napiga vipi?

Sabuni ya maji isiyo na dawa ya kung'arisha, mililita 10 kwa lita moja ya maji. Bomba la lita 16 ni mililita 160. Usizidishe mara mbili ukidhani itafanya kazi mara mbili, itaunguza majani. Jaribu kwanza kwenye mimea mitano na usubiri siku mbili. Inaua tu kinachoguswa ikiwa mbichi, kwa hiyo nozeli ielekee chini ya jani. Piga jioni.

Sisimizi wana neno gani na haya yote?

Wana neno kubwa. Sisimizi hukamua utomvu mtamu wa vidukari, na kwa ajili ya hiyo sukari huwalinda kama Mmasai anavyolinda ng'ombe. Nyigu akitua wanamfukuza, na mumia wanazibeba au kuzing'oa. Ukiona mstari wa sisimizi unapanda mmea, nyigu wako wanafanya kazi chini ya bunduki. Kwenye kitalu nyumba paka grisi kwenye nguzo na nyaya. Kwenye miti ya matunda funga mkanda wa plastiki uliopakwa grisi kuzunguka shina, na kata matawi yanayogusa ardhi au ukuta. Shambani, tafuta shimo lao umwage maji ya moto. Kwenye kunde, ambako kidukari mweusi Aphis craccivora hupendwa sana na sisimizi, kazi hii peke yake huleta tofauti inayoonekana.

Nawapata wapi, na naweza kuagiza nje?

Kenya ndiko kuliko na wafugaji wa wadudu rafiki, kwa sababu mashamba ya maua ya Naivasha na maeneo ya Thika yaliwahitaji: waridi na mboga za kwenda Ulaya hupimwa mabaki ya dawa, na shehena ikikutwa na dimethoate hesabu zote zinaharibika. Ukipiga simu, uliza jina kamili la nyigu kwa Kilatini na uliza kama amesajiliwa. Kenya usajili wa bidhaa za kuulia wadudu, pamoja na wadudu hai, uko chini ya PCPB, bodi ya kudhibiti bidhaa hizo, na uingizaji wa viumbe hai unapita KEPHIS, shirika la ukaguzi wa afya ya mimea. Tanzania mlango ni TPHPA, mamlaka ya afya ya mimea na viuatilifu, makao yake Arusha.

Kuhusu kuagiza mwenyewe mtandaoni au kumbebesha shangazi chupa kutoka Nairobi kwenye basi: usifanye. Si urasimu tu. Ndani ya chupa isiyokaguliwa kunaweza kuwa na nyigu wanaoshambulia nyigu wenzao, nao wakizoea huku huwarudishi.

Kitalu nyumba changu ni mita 8 kwa 30, chenye hoho. Niweke wangapi?

Hiyo ni mita za mraba 240. Kama vidukari bado hujawaona, robo ya nyigu kwa kila mita ya mraba kwa wiki inatosha, yaani 60 hivi kila wiki. Kama tayari kuna vidukari hapa na pale, panda hadi nyigu mmoja kwa mita ya mraba, 240 kila wiki, kwa angalau wiki tatu mfululizo. Chupa nyingi huwa na mumia 500 au zaidi, kwa hiyo shirikiana na jirani mwenye kitalu.

Mfululizo ndio siri. Watu huachia chupa nzima Jumatatu moja, wakasubiri muujiza. Vidukari huzaliwa kila siku, na nyigu mkubwa huishi siku chache tu. Ukiacha pengo la wiki mbili umewapa vidukari kizazi kizima bila mlinzi. Na kama majani tayari yanateleza kwa mafuta, usianze na nyigu. Ng'oa mimea iliyoharibika kabisa, piga sabuni mara mbili, kisha uachie. Nyigu akitua kwenye jani lenye utomvu mwingi muda wake unaishia kujipangusa miguu badala ya kudunga.

Chupa imefika. Nifanye nini?

Iachie siku hiyo hiyo. Ikishindikana, iweke penye giza na ubaridi wa nyuzi 8 hadi 10 kwa siku moja au mbili, si zaidi, na si kwenye friza. Asubuhi mapema au jioni, gawa mumia kwenye vikombe vidogo au vipande vya karatasi vilivyokunjwa, uning'inize kivulini katikati ya majani, karibu na pale ulipoona vidukari. Uzi wa kuning'inizia upake grisi, unajua kwa nini. Usimwagilie juu yake. Baada ya wiki moja rudi uhesabu mumia zilizotoboka, uone kama ulipata ulichokilipia.

Nimesikia habari ya ndoo za ngano ndani ya kitalu. Ni nini hiyo?

Ni ufugaji wa nyigu ndani ya nyumba yako mwenyewe, na kwangu ndiyo njia tamu kuliko zote. Unaotesha ngano au shayiri kwenye ndoo, unaweka kidukari wa nafaka, Rhopalosiphum padi. Huyo hali hoho, matango wala nyanya. Nafaka ndiyo chakula chake. Aphidius colemani humdunga kwa furaha. Kwa hiyo hata hoho zikiwa safi kabisa, nyigu wanaendelea kuzaliwa kwenye ndoo na kuzunguka kitalu wakitafuta. Kidukari wa hoho akiingia dirishani anakuta walinzi macho.

Ndoo mpya ianzishwe kila wiki mbili hivi, kwa sababu ngano huchoka, na ndoo zenye vidukari zifunikwe chandarua mpaka ziwe tele kabla ya kuingizwa. Yasiyofaa: usifanye hivi kama ndani au jirani kabisa unalima mahindi, ngano au shayiri. Kidukari huyo hubeba virusi vya udumavu wa njano wa shayiri, na majirani wa Njoro au Karatu hawatakushukuru.

Shamba la wazi, nusu ekari ya kabichi. Kununua kunalipa?

Kwa maoni yangu, hapana. Nyigu utakaowaachia wana mbawa na shamba lako halina ukuta. Fedha hiyo ipeleke kwenye kuwatunza walio bure.

Cha kwanza ni maua. Nyigu mkubwa anahitaji sukari, na domo lake ni fupi, hawezi kufika ndani ya maua marefu. Giligilani iliyoachwa ichanue na shamari ni maua ya wazi anayoyamudu. Panda mstari mmoja pembezoni kila matuta kumi, vuna giligilani ya kachumbari uuze, na bakiza theluthi moja itoe maua. Cha pili ni mbolea. Urea nyingi hufanya majani laini yenye maji matamu na vidukari hukua haraka humo. Cha tatu ni kutopiga dawa kwa kalenda. Mkulima anayepiga kila Jumamosi awe na mdudu au asiwe naye, huyo hana nyigu, na hatakuwa nao. Cha nne, usifyeke magugu yote ya mpakani kwa siku moja. Fyeka upande mmoja wiki hii, mwingine wiki ijayo.

Naweza kuhamisha mumia kutoka shamba la jirani?

Unaweza, ndani ya eneo lako na kwa zao lile lile. Kata vipande vya majani vyenye mumia ambazo hazijatoboka, pukusa vidukari hai wote kwa brashi laini, weka vipande kwenye kopo lenye matundu na ulining'inize kivulini. Usichukue jani lenye kingo za njano zenye umbo la V, huo ni uozo mweusi wa kabichi na utajiletea balaa kubwa kuliko vidukari. Ukitaka kujua jike ni yupi na dume ni yupi, usijisumbue: jike asiyepandwa hutaga pia, ila watoto wake wote huwa madume. Ndiyo maana ni bora kuhamisha mumia nyingi kwa pamoja, wakutane.

Watazuia batobato?

Hapa lazima niwe mkweli kuliko muuza dawa. Virusi vingi vya batobato kwenye matango, hoho, mapapai na viazi huingizwa na kidukari mwenye mbawa kwa sekunde chache tu za kuonja jani. Anaonja, anaambukiza, anahama. Nyigu angemdunga asubuhi hiyo hiyo, jani limeshaugua. Dawa kali nayo haisaidii sana hapo, kwa sababu hiyo hiyo.

Nyigu husaidia kupunguza wingi wa vidukari wanaozaliwa na kuota mbawa ndani ya shamba lako, basi. Kwa virusi, tegemea mbegu safi, chandarua kwenye kitalu cha miche, kung'oa mimea iliyougua mapema, na kutopanda zao jipya ubavuni mwa lile la zamani lililojaa ugonjwa. Kwa rozeti ya karanga, panda mapema na kwa nafasi finyu ili majani yafunike ardhi.

Mimi niko Tanga mjini, joto kali. Watafanya kazi?

Aphidius colemani huanza kulegea joto likipita nyuzi 30. Kitalu nyumba cha plastiki pwani mchana wa Januari hupita hapo kwa urahisi. Fungua pande, tumia chandarua badala ya plastiki, weka kivuli, na uachie jioni. Na usiwadharau wengine: wale mbawakawa wekundu wenye madoa meusi na mabuu wa inzi wanaoelea juu ya maua hula vidukari wengi sana.

Mwanzoni walifanya kazi vizuri, baadaye vidukari wakarudi. Kwa nini?

Angalia matundu ya mumia. Tundu la duara safi lenye kifuniko kinachoning'inia limekatwa na nyigu wako. Tundu lenye kingo zilizochanikachanika limekatwa na mwingine: nyigu anayemtagia nyigu. Wapo wa jamii kadhaa, kama Dendrocerus na Asaphes, nao huja wenyewe kutoka nje, hasa kiangazi kikirefuka. Matundu machafu yakizidi masafi, kuongeza chupa ni kuwalisha wao. Simamisha kuachia, toa ndoo za ngano, tegemea mbawakawa na sabuni mpaka mwisho wa msimu.

Sababu nyingine iko ndani ya kidukari. Baadhi hubeba bakteria aitwaye Hamiltonella defensa ambaye humsaidia mwenyeji wake kuua buu la nyigu. Kidukari wa kunde ni mmoja wa wanaojulikana kuwa naye. Nyigu anadunga, hakuna mumia. Ukiona hivyo badilisha aina ya nyigu au badilisha silaha.

Hii imewahi kufaulu Afrika au ni mambo ya Uholanzi?

Imefaulu Afrika kwa kiwango ambacho Uholanzi haijafika. Mdudu wa unga wa muhogo, binamu wa mbali wa vidukari, aliingia Kongo mapema miaka ya 1970 akasambaa katika ukanda wote wa muhogo. Nyigu Anagyrus lopezi aliletwa kutoka Amerika Kusini, akaanza kuachiliwa Nigeria mwaka 1981, kisha nchi kwa nchi. Hans Herren, aliyeongoza kazi hiyo na baadaye kuwa mkurugenzi wa icipe, kituo cha utafiti wa wadudu pale Nairobi, alipewa Tuzo ya Chakula ya Dunia mwaka 1995. Mkulima wa muhogo hakununua chupa hata moja.

Kwa vidukari wenyewe, tuna kidukari wa saipresi. Alionekana Malawi mwaka 1986, akafika Tanzania na Kenya, na waliokuwa wakiishi milimani miaka ile wanakumbuka ua za saipresi zilivyokauka zikawa nyekundu. Miaka ya 1990 nyigu Pauesia juniperorum aliletwa na kuachiliwa. Miti ya misitu hainyunyiziwi dawa kwa bomba la mgongoni, kwa hiyo hakukuwa na njia nyingine ya maana.

Wakimaliza vidukari, hawatahamia kwenye mazao?

Hawawezi. Buu wao hukua ndani ya kidukari tu. Wakikosa, wanaondoka au wanakufa.

Mnunuzi sokoni ananiuliza vidude vya kahawia kwenye sukuma wiki ni nini. Nimwambie nini?

Mwambie ukweli, ni maganda ya vidukari waliouawa bila dawa. Wengine wataelewa, na kuna mama mmoja hapa sokoni siku hizi huzitafuta makusudi. Lakini mumia imegundishwa kwa hariri, haitoki kwa kusuuzwa mara moja. Mimi hubandua kwa kidole majani ya juu kabla ya kufunga mafungu, na majani ya chini yenye mumia nyingi siyavuni. Nayaacha shambani mpaka zitoboke.